Alama Niliyoifumbua Mbele ya Afande

Vijana wa mifugo, mmeniomba niandike kurasa chache za mstaafu mzibandike kwenye ubao wenu pale ofisini Garissa. Haya, nimeandika. Lakini nimeandika na hasira zangu, na sababu mnaijua, maana Jumanne mliniona nikitoka pale kwenu bila kuaga, chai yenu nimeiacha mezani haijaguswa.

Nitawakumbusha. Soko lilikuwa limechangamka. Mama mmoja wa pande za Balambala alikuja na jike lake la ngamia kuuza. Mmoja wenu akaelekeza kile kidude kwenye hereni ya sikio, kikalia tii, naye akapaza sauti, "Wazee, nimeshaidikodi! Jina si la huyu mama." Basi. Ngamia akatiwa zizini, mama akaonyeshwa benchi. Nikauliza, mmemwuliza alimpata kwa nani? Mkacheka. Mkaniambia, "Babu, mashine haidanganyi."

Mashine haidanganyi! Lahaula! Mimi pia sikudanganya. Miaka ya vita vya shifta nilisoma alama ya ngamia mmoja vizuri kabisa, sikukosea hata mstari, na kwa kusoma kwangu kuzuri nikamfilisi mjane. Kwa hiyo kaeni chini. Leo nasema mimi.

Jina langu Buya. Nimezaliwa ukingoni mwa Tana, mtoto wa wakulima wa mtoni, si mtu wa ngamia. Kiswahili nilikisomea chuoni Lamu kwa mjomba, na hicho ndicho kilichonipatia kazi ya ukarani wa mifugo. Wasomali wa hapa wakanibandika jina Karani Alama, kwa sababu kazi yangu ilikuwa moja: ngamia akipotea akaokotwa, aletwe kwangu nimfumbue.

Ndiyo, kufumbua. Ninyi mnasema kudikodi, nami sikatazi, kila zama na maneno yake. Sisi neno letu lilikuwa hilo na tulilitumia kutwa nzima. Mkubwa akifika asubuhi: "Buya, kuna watatu zizini, kawafumbue." Mwenye duka akiletewa barua ya mwandiko mbaya, ananiita nimfumbulie. Mama yangu kule mtoni alikuwa mtu wa mafumbo, hasemi jambo wazi hata akitaka chumvi. Ukitaka kula kwa amani nyumbani kwake sharti ujue kumfumbua. Tena mtoto hufumbua macho, na mwenye ngumi huifumbua akitaka kukupa mkono. Kwa hiyo msidhani ni neno la wasomi. Ni neno la jikoni na la zizini.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Adan Kore. Alikuwa ameendesha ngamia wa serikali tangu zama za Waingereza, mtu mrefu, mkavu, jicho moja limeingia ukungu. Kiswahili chake kilikuwa cha kupanda na kushuka, lakini hakutupa neno. Siku ya kwanza nilipojigamba kwamba nimeshakariri alama zote za kwenye daftari, alinitazama kwa lile jicho zima akasema, "Wewe soma daftari. Ngamia hajasoma daftari."

Hebu niwape ujuzi kidogo, maana najua hamjafundishwa. Alama ya moto hupigwa ndama akiwa mdogo. Akikua, inakua naye, inavutika, mwezi mchanga unakuwa upinde. Mvua zikinyesha manyoya hurefuka yakaifunika, na mjinga atakwambia hakuna alama. Usimnyoe, mwenyewe atakasirika. Mwagia maji kidogo, laza manyoya kwa kiganja, kisha simama ubavuni asubuhi jua likiwa chini. Utaona. Usipoona, fumba macho utumie vidole. Kovu la moto ni laini, halioti nywele. Kisha tazama sikio, lina mkato au halina, na wa mbele au wa nyuma. Shavu linakwambia ukoo mkubwa, shingo inakwambia mlango, yaani tawi la ukoo huo, sikio linakwambia nyumba. Ukivisoma vyote vitatu kwa pamoja unaweza kumtaja mtu hata hujawahi kumwona.

Na mimi nilivikoroga. Hii mtacheka, chekeni tu, maana itawarudia. Mwaka wangu wa kwanza aliokotwa dume mmoja karibu na daraja. Nikamkagua, nikaona ubavuni mistari mitatu ya moto imelala sambamba, safi kabisa. Nikafungua daftari. Mistari mitatu! Nyumba fulani ya mbali, huko Wajir kuelekea Bute. Nikapeleka habari kwa lori la chumvi. Wiki mbili baadaye wazee watatu wakashuka Garissa, wamekuja kwa lori na kwa miguu, midomo imepasuka kwa vumbi. Wakamzunguka yule dume mara moja. Mara ya pili. Mmoja akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia. Kumbe anacheka!

"Karani," akaniambia, "hii si alama. Hii ni dawa. Huyu alikuwa na tumbo."

Kumbe ngamia akiumwa tumbo au akivimba kiungo huchomwa moto kama tiba, na ile mistari ilikuwa ya daktari wake, si ya mwenyewe! Adan Kore alicheka hadi akakaa chini. Kuanzia siku hiyo mtu yeyote ofisini akiumwa tumbo husema, "Niiteni Karani Alama anifumbue, pengine nina jamaa Wajir." Walinitania mpaka nikachoka. Wale wazee tuliwapa chai na nauli ya maneno, wakarudi kwao. Mimi nikaapa sitachekwa tena katika kazi hii maishani mwangu. Kiapo hicho kishikeni, ndicho kilichoniponza.

Baada ya hapo Adan alinikalisha akanipa maswali matatu. Aliyahesabu kwa vidole. Ngamia huyu amezaliwa kwa nani? Amepewa nani? Sasa yuko na nani?

"Ya kwanza, ngozi itakwambia," akasema. "Hizi mbili, ngozi haijui. Hizi ni ya midomo ya watu. Kama hujauliza, usiseme umefumbua."

Na sababu mnaijua, ninyi mliozaliwa humu humu, au mngepaswa kuijua kabla ya kupewa hizo fulana zenye nembo. Huku ngamia hakai na mwenye alama. Mtu ana majike kumi yanayokamuliwa, jamaa yake hana hata mmoja na ana watoto. Anampa jike akae naye, anywe maziwa, mwaka, miaka mitano. Mtu anahama kufuata maji na hana mnyama wa kubebea nyumba. Jirani anampa dume la mizigo, atamrudisha siku atakayomrudisha. Hakuna karatasi. Alama haibadilishwi. Anayepewa anamtunza kama wake, na aliyempa hamdai, maana kesho huenda ikawa zamu yake. Kwa desturi hiyo watu wa nchi hii wamevuka kila ukame. Ninyi mnaiita wizi kwa sababu kidude kimelia tii.

Sasa nakuja kwenye shifta.

Sitawaeleza vita, mna wazee majumbani waulizeni, kama watakubali kufumbua vinywa. Nitasema tu kwamba watu walitolewa malishoni wakawekwa kambini karibu na mji, kutoka ni kwa pasi, na mifugo ikihesabiwa kuwa ya adui mpaka ithibitishwe vinginevyo. Risasi ikilia mahali, wanaoishi karibu na mahali hapo ndio waliolipa. Na ofisini kwetu akaletwa afisa mmoja wa usalama kutoka Kenya. Ndivyo tulivyosema na ndivyo mnavyosema hadi leo, kana kwamba hapa ni nchi nyingine, na kwa walivyotutenda tulikuwa nchi nyingine kweli. Jina lake silitaji. Tulimwita Afande. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa na haraka tu, na haraka ya mwenye bunduki ni mbaya kuliko kelele zake.

Siku moja, mawingu ya masika yameshaanza kukusanyika, askari walimleta dume wa mizigo waliyemkuta porini na masanduku mawili ya risasi mgongoni. Wenye masanduku walikimbia, ngamia akabaki. Tukaitwa zizini wote, mkubwa wetu, Adan, mimi na makarani wengine wawili.

Afande akamwambia Adan, "Mzee, wanasema wewe ndiye fundi. Huyu ni wa nani?"

Adan akamsogelea ngamia. Akaweka mkono shavuni, akaupeleka taratibu shingoni, akamaliza kwenye sikio. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Niliviona vidole vyake. Pale shingoni vilisimama, vikatulia kidogo, vikaendelea. Kisha akageuka.

"Macho ya mimi imekwisha, Afande. Mvua iko karibu, manyoya mingi. Sioni."

Afande akashusha pumzi. Akatazama huku na huku. "Kwa hiyo serikali inawalisha bure? Hakuna hata mmoja hapa anayejua kusoma ngamia?"

Vijana, wallahi hakuna aliyenisukuma. Ningenyamaza tu, siku ingepita. Lakini nilisikia "hakuna hata mmoja" nikaona ile mistari mitatu, nikasikia vicheko vya miaka yote ile. Nikamwona mzee wangu amezeeka, kazi imemshinda, na kiti chake kiko wazi. Ujinga ulioje! Nikasema, "Mimi naona, Afande."

Nikachukua kopo la maji. Nikamwagia, nikalaza manyoya, nikasimama ubavuni, kila kitu kama nilivyofundishwa. Mwezi shavuni, fimbo shingoni, sikio la kushoto mkato wa nyuma. Nilikuwa nikisema kwa sauti kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Nikalitaja jina, nyumba ya marehemu Warsame, sasa ni ya mjane wake, Dahabo, yuko kambini hapa hapa.

Afande akatoa kalamu. "Ni wake?"

Hapo nilikumbuka. Msidhani nilisahau. Nikasema, "Afande, amezaliwa kwake. Lakini huenda alimpa mtu, desturi ya huku..."

"Sikuulizi desturi. Nauliza ni wa nani. Jina moja."

Nikatia sahihi karatasi yenye jina moja.

Tulipotoka, Adan Kore alinipita bila kunitazama. Kisha akasimama, akarudi hatua moja. "Umefumbua vizuri," akasema. "Vizuri sana." Ndipo nikaelewa kwamba aliiona alama kabla yangu, kwa vidole vyake vile vile, na aliamua kuiacha imefumbwa. Fundi alijua kazi yake hadi mahali pa kuisimamisha. Mimi mwanafunzi nilijua pa kuanzia tu.

Alfajiri iliyofuata askari waliliswaga kundi zima la Dahabo, ngamia kumi na tisa. Hakuwa na kitu kingine. Mume alikufa, mabinti wawili bado wadogo, na maziwa ya wale majike ndiyo yaliyokuwa uji wao na chai yao. Ngamia wakafungiwa kwenye boma la miiba ukingoni mwa mto, nyuma ya kambi ya askari, hadi mwenyewe atakapotaja waliopakia risasi.

Ukingoni mwa mto! Masika! Hapa hasira yangu hainitoki hadi leo nikifumba macho. Mtoto yeyote wa mfugaji anajua mvua zikianza ngamia anaondolewa mtoni, apelekwe mbali kwenye ukavu, kwa sababu ya nzi. Nzi wa mtoni akimwuma ngamia humtia homa isiyokwisha. Anakonda, macho yanatoa machozi, analala siku moja haamki. Mimi nimezaliwa mtoni, nzi wale nawajua kwa majina. Nilimwambia mkubwa wetu, akamwambia Afande, Afande akasema, "Basi awahi kuwataja." Hapo nikajua kwamba kwake nzi si bahati mbaya. Alikuwa amewaandika kazi.

Siku ya tatu Dahabo alipata pasi, akaja. Nilimwona anatembea kando ya miiba, anawaita ngamia wake mmoja mmoja kwa majina, nao wanageuza shingo. Kisha akaja hadi mlangoni pa ofisi. Mwanamke mwembamba, shela jeusi limefifia likawa rangi ya majivu. Alikuwa sawa na shangazi yangu kwa umri, na kwa adabu ya Kisomali nilimwita Edo, yaani shangazi.

"Karani. Wewe ndio ulifumbua?"

"Ndiyo, Edo."

"Alama ni ya mimi. Sikatai. Baba ya watoto alibiga kwa mkono yake." P kinywani mwake mara nyingine iligeuka b. "Uliniuliza nilimpa nani?"

Nikatazama upande wa kambi.

"Kambi ni hapo. Hatua mia mbili. Uliniuliza?"

Akanieleza pale pale mlangoni, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chake na mimi nikimjazia maneno. Yule dume alimpa jamaa wa mkwe wake, mtu maskini mwenye mke mjamzito, abebe nyumba yao kupeleka kisimani kabla ya amri ya kambi. Njiani watu wanne wenye bunduki wakamnyang'anya. Yule maskini hakusema kwa mtu. Angesema kwa nani? Akisema kwa serikali, ataulizwa kwa nini hakupigana na watu wanne. Akinyamaza, basi amenyamaza. Na Dahabo akimtaja leo, ataokoa ngamia wake na mtu huyo atachukuliwa, mke wake amebakiza mwezi mmoja kujifungua.

"Sitamtaja," akasema. "Nilimba kwa mkono huu. Siwezi kumchukua kwa mdomo." Akaondoka.

Jioni ile nilimfuata Adan Kore msikitini baada ya sala. Nikamwambia, mzee wangu, nifanye nini. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alinitazama.

"Wewe una bahati," akasema. "Una kosa la zamani. Nenda kwa Afande, mwambie umekosa tena. Sema ile fimbo ya shingo si alama, ni dawa. Ngamia aliumwa shingo. Ofisi yote itashuhudia wewe ni mjinga wa dawa na alama."

Njia ilikuwa wazi namna hiyo! Mtu mzima alikuwa amenitengenezea ufunguo kwa aibu yangu mwenyewe. Nilichotakiwa kufanya ni kutembea hadi meza ya Afande na kusema maneno matano: nimekosea, ile ni ya dawa.

Nikakaa wiki tatu.

Ibandikeni hivyo hivyo, wiki tatu, msinipunguzie. Siku ya kwanza nilijiambia Afande ana wageni. Ya pili nikajiambia huenda atawaachilia mwenyewe. Wiki ya pili nikawaza mke wangu, nyumba ya serikali, kazi. Nikawaza watakavyocheka. Vijana wangu, ukweli mtupu ni huu: nyumba niliiwaza kidogo, vicheko niliviwaza sana. Na kila asubuhi nikienda kazini nilipita kando ya lile boma, nikaona ng'ombe dume wawili wa kilimo wanavuta kamba, na nyuma ya kamba ngamia aliyekufa, anapelekwa kutupwa upande wa chini wa mto. Dahabo alikuwa amesimama pale kila nilipopita. Hakuniita. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na mimi nililiona lile kanda jepesi kwa siku ishirini na moja.

Siku ya ishirini na mbili nikaenda. Sitajisifu, sijui ni nini kilichoniinua. Nikasimama mbele ya Afande nikasema nimekosea, ile fimbo ni kovu la tiba, bila fimbo ile nyumba haijulikani, mwezi peke yake ni ukoo wa maelfu ya watu.

Akaiweka kalamu chini. "Unanidanganya, karani."

"Uliza habari zangu, Afande."

Akawaita. Mkubwa wetu, makarani wawili, tarishi. Akawauliza kama mimi ni mtu wa kuchanganya dawa na alama. Loo! Walishindwa kujizuia hata mbele ya bastola. Wakaeleza habari ya wazee watatu wa Wajir, dume la tumbo, lori la chumvi. Tarishi akaigiza nilivyofungua daftari. Afande mwenyewe akatabasamu, mara pekee nilipoyaona meno yake. Nilisimama pale nikichekwa na kila mtu, na nawaambia, haikuuma. Kitu nilichokikimbia wiki tatu nzima, hakikuuma hata kidogo! Hapo ndipo nilipojichukia.

Afande akaandika kwenye faili yangu kwamba karani huyu hajui kazi, asisome alama tena. Nikapelekwa kwenye josho kukoroga dawa ya kupe, na nilikaa huko miaka. Akaamuru boma lifunguliwe. Nadhani uvundo ulikuwa umeshamfikia mezani.

Walitoka saba. Kumi na tisa waliingia, saba wakatoka, na wawili kati ya hao walikuwa wakiyumba. Dahabo aliwapokea mlangoni pa boma, akapitisha mkono kwenye shingo ya kila mmoja, juu ya ile fimbo aliyopiga mumewe. Adan Kore alikuwa amemweleza yote, ile njia ya dawa na siku aliyonipa. Aliponifikia nilikuwa nimeandaa maneno. Sikupata nafasi.

"Karani," akasema. "Asante." Nikainamisha kichwa. "Lakini ungekuja siku ile ile, ningesema asante kwa kumi na tano, kumi na sita. Sasa nasema kwa saba. Hizo zingine, nimbe nani asante?"

Akawaswaga wale saba akaenda. Swali hilo ninalo hadi leo, na nina wajukuu.

Yule maskini hakuchukuliwa. Mkewe alizaa salama, kambini. Dahabo alikufa muda mrefu baadaye, kundi lake halikurudi kuwa kundi. Afande alihamishwa, akapandishwa cheo, nasikia. Hakuna aliyemwuliza habari ya nzi. Hasira yangu kwake nimeishi nayo vizuri tu, haina taabu, ni hasira ya haki. Ya kunisumbua ni ile nyingine, ya kwangu mwenyewe, nayo imenifikisha uzee huu bila kulala.

Na Jumanne mkaniamshia yote kwa tii moja.

Nilipotoka pale kwenu sikwenda nyumbani. Nilikaa na yule mama wa Balambala kwenye benchi. Niliuliza maswali mawili yaliyobaki, na yalichukua muda mfupi kuliko chai yenu. Jike lile alipewa na kaka wa marehemu mumewe miaka minne iliyopita, ukame ulipomaliza ngamia wake. Kaka huyo ndiye mwenye jina kwenye hereni. Yuko Dadaab, ana duka karibu na kambi, ana simu, na ninyi mna simu tano mezani. Ndiye aliyemwambia auze, kwa sababu mama ana mtoto wa kulipia hospitali.

Leo ni Alhamisi. Nimepita asubuhi, ngamia bado yuko zizini kwenu, mama bado yuko kwenye benchi. Namba ya simu ya shemeji yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Kwa hiyo kabla hamjatafuta gundi ya kuibandika ubaoni, igeuzeni.